Inachemsha Lini?

Wenzangu wa Elimu mnajua TP ya nyumbani ilivyo. Umepangiwa shule iliyo karibu na kwenu, umeokoa kodi ya chumba, mama anakupikia, na mtaani wanakuita mwalimu hata kabla hujashika chaki. Mwaka jana nilipangiwa Kondoa, kwetu kabisa, na nilipoona jina langu kwenye orodha nilipiga kelele hadi roommate akaamka. Sikujua kwamba nyumbani kuna mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe ni Corolla.

Corolla hiyo ndiyo kiinua mgongo cha baba. Alifundisha shule za msingi miaka zaidi ya thelathini, akastaafu, akalipa madeni, akapaua nyumba, na kilichobaki akanunulia gari la kukodi. Haliendeshi yeye. Alimpa kijana wa mtaani kwetu, tuliyesoma naye darasa moja mpaka la saba, na kila jioni kijana analeta hesabu. Bodi ya Mikopo inanilipia sehemu, nyingine inatoka kwenye hiyo hesabu. Kwa hiyo gari likilala, na mimi huku Dodoma nalala na uji.

Dereva ndiye aliyetoa taarifa wa kwanza. Alisema gari likisimama stendi linasubiri abiria, mshale wa joto unapanda, na feni haisikiki. Likianza kutembea mshale unashuka. Baba akalipeleka gereji moja pale mjini. Fundi alifanya mambo mawili. La kwanza, aliunganisha feni moja kwa moja, kwamba ukiwasha gari nayo inawaka. La pili, alifungua kidude fulani karibu na injini, akakichomoa, akakitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Themostati.

"Hii ni ya nchi za baridi," alisema. "Huku kwetu ya nini? Inazuia maji tu."

Mimi nilikuwepo, nimefika juzi yake. Baba alinigeukia, si unajua tena wazazi wakisomesha, akaniuliza, "Mwalimu wa fizikia, ni kweli?" Nami, ambaye somo la joto nilipata B+ na sijawahi kushika themostati maishani, nikajibu kama mtu anayesoma ubaoni. Nikamweleza baba kwamba themostati ni vali. Ndani yake kuna nta. Injini ikiwa baridi vali imefunga, maji hayaendi kwenye rejeta, ili injini ipate moto haraka. Maji yakifika nyuzi 80 na kitu, nta inayeyuka, inatanuka, inasukuma vali, njia inafunguka. Ukiitoa, njia iko wazi muda wote, maji mengi zaidi yanapita kwenye rejeta, kwa hiyo injini itapoa zaidi. Fundi akatikisa kichwa kwa furaha. Baba akalipa.

Kila nilichosema kuhusu nta na vali kilikuwa sahihi. Ila hitimisho.

Wiki moja gari lilitulia. Stendi halichemshi tena, sokoni halichemshi. Kisha dereva akaja jioni, hesabu pungufu, akasema limechemsha njiani kwenda Bereko. Siku mbili baadaye, tena. Ya tatu, tena, na safari hii abiria waliteremka wakapanda gari jingine bila kulipa.

Kwa asiyepajua kwetu: kutoka Kondoa mjini kwenda kaskazini unafika Kolo, pale penye njia ya kwenda kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, halafu unaendelea Bereko, halafu Babati. Kondoa yenyewe iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukitoka hapo unazidi kupanda milima ya Irangi. Zamani ilikuwa vumbi na mashimo, gari linakwenda mwendo wa ng'ombe. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa 2018, na sasa hakuna dereva anayepanda ule mlima polepole. Lami imetupunguzia muda lakini imeziongezea injini kazi. Katika petroli unayochoma, karibu theluthi moja ya nguvu yake inaishia kwenye maji ya kupooza injini. Ukikanyaga zaidi unachoma zaidi, na joto la kutoa nje linakuwa kubwa zaidi.

Baba alitaka kuona mwenyewe. Tukaingia mimi na yeye, tukazunguka mjini nusu saa, tukaenda hadi njia panda ya Bicha na kurudi. Mshale ukakaa chini kabisa, hata katikati haukufika. Baba akazima gari, akakaa kimya, kisha akasema neno lililoniumiza baadaye lakini siku hiyo nililiona la busara: "Gari haina tatizo. Tatizo ni mwenye kuiendesha."

Tukamwita dereva. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa. Baba akamuuliza anaongeza maji lini. Akasema kila asubuhi, na maji hayapungui sana. Baba akamuuliza anapakia watu wangapi. Akasema wanne, siku za mnada na mizigo. Kisha akanigeukia mimi, si baba.

"Dada, mjini haichemshi. Tambarare haichemshi. Ni nikishapita Kolo naanza kupanda nikiwa na mzigo. Nikisimama dakika kumi inashuka. Nikipanda tena inapanda."

Msomaji, soma tena maneno hayo. Huyu kijana alinipa jibu lote mkononi. Ametaja wapi, lini, na mzigo gani, ametaja na lini halitokei. Mwanafunzi akiniandikia ripoti ya maabara namna hiyo nampa 90. Mimi nikamjibu, "Gari haliwezi kuchemsha kama maji yapo na feni inazunguka. Labda unasahau kuangalia maji." Nilisema kwa sauti ya upole, ile tunayofundishwa kwenye saikolojia ya elimu.

Baba akanyoosha mkono, akapokea funguo. Kijana akasema, "Haya, Mwalimu. Asante kwa yote," akaondoka. Hakuna aliyepiga kelele. Mama ndiye pekee aliyesema kitu, akiwa jikoni: kwamba mtoto wa watu ana mke na mtoto wa miezi minne.

Baada ya hapo baba akawa anaendesha mwenyewe, na miguu yake ina matatizo. Siku ya pili akapanda Bereko na abiria watatu. Likachemsha baada ya Kolo.

Mngetegemea hapo tungeelewa. Wapi. Mtu akishamhukumu mwenzake akili inatafuta njia ya kuilinda hukumu. Tukasema dereva ameshaliharibu. Na mimi nikaja na nadharia mpya: rejeta imeziba. Nadharia yenyewe haikuwa ya kijinga. Wote tunaoishi huku Dodoma tunajua maji yetu. Chemsha birika hosteli wiki mbili, angalia ndani, utaona ganda jeupe kama chokaa. Sasa fikiria miaka ya maji ya bomba yakichemka ndani ya vijia vyembamba vya rejeta badala ya kulanti. Nikasema ndiyo hiyo. Baba akasema hela hana. Nikasema ninayo, hela ya TP imeingia. Rejeta mtumba ilitoka Dodoma mjini kwa basi, shilingi 160,000, na ufundi juu.

Likachemsha palepale.

Aliyetutoa gizani ni mzee mmoja ambaye zamani alikuwa fundi wa malori, siku hizi anafuga kuku na macho hayaoni vizuri. Baba alikutana naye msikitini. Alikuja nyumbani jioni, nikampa shikamoo, akaketi kwenye kigoda karibu na boneti na wala hakuifungua. Yeye na baba walizungumza Kirangi kidogo, habari za shamba. Kisha akauliza, "Inachemsha lini?"

Baba akaanza, "Aisee, hii gari tumebadilisha rejeta, feni..."

"Sijauliza mmebadilisha nini. Nimeuliza inachemsha lini."

Tukamweleza. Nilijisikia nikirudia maneno ya dereva, neno kwa neno: mjini hapana, tambarare hapana, mlimani na mzigo ndiyo, ikisimama inashuka. Mzee akawa anaitikia kama mtu anayehesabu. Kisha akatoa somo ambalo natamani lingekuwa kwenye kozi yetu.

Ikichemsha imesimama na ikitembea inapoa, alisema, angalia feni, kwa sababu ikitembea upepo unafanya kazi ya feni. Ikichemsha kwenye mwendo na mlima, feni usiiguse, upepo upo tele. Hapo maji ndiyo hayafikishi joto kwenye rejeta, au rejeta hailitoi. Ikichemsha popote na maji yanapotea bila kuona tone chini, ogopa gasketi ya hedi. Akaniambia nifungue mfuniko wa oili, ndani nitazame kama kuna kitu kama chai ya maziwa. Hakuna. Injini ilikuwa imelala tangu asubuhi, baridi kabisa, ndipo akaruhusu mfuniko wa rejeta ufunguliwe. Injini ikiwa ya moto, alisema, atakayeufungua mbele yake atafukuzwa na fimbo. (Yuko sahihi. Mfuniko ule unashikilia mgandamizo, na kwa sababu hiyo maji yanaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Ukiufungua ghafla yote yanageuka mvuke usoni kwako.) Tukawasha, tukatazama. Hakuna mapovu yanayopanda mfululizo. Gasketi nzima, kwa rehema za Mungu.

"Themostati iko wapi?" akauliza.

Nikamwambia ilitolewa, nikampa na maelezo yangu ya B+. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mimi sikumfanyia dereva. Kisha akaomba viganja vyangu viwili.

"Binti yangu, umesema ni mlango. Sawa. Lakini kwenye injini hii ni milango miwili yenye ubao mmoja. Huu wa kwenda rejeta," akagusa kiganja cha kulia, "na huu wa njia ya pembeni," akagusa cha kushoto. "Injini ikiwa baridi, wa rejeta umefungwa, maji yanazunguka kwa njia ya pembeni, yanatoka kwenye injini na kurudi kwenye injini. Ikipata moto, ubao unahama: unafungua wa rejeta na unaufunga huu wa pembeni. Nyinyi mmetoa ubao. Sasa milango yote miwili iko wazi. Maji ni kama watu, yanafuata njia fupi. Mengine yanaenda kupoa, mengine yanarudi kwenye injini na moto wake. Mjini joto ni dogo, hayo machache yanatosha. Mlimani hayatoshi."

Nilikaa chini. Kichwani nilikuwa nimechora bomba moja lenye vali moja, kama kwenye kitabu, na kwenye bomba la namna hiyo nilikuwa sahihi kabisa. Sikuwa nimeuliza kama injini imechorwa hivyo. Usiku nikatafuta kwenye simu mwongozo wa ufundi wa Toyota. Umeandikwa wazi: usiitoe themostati hata kama injini ina tabia ya kuchemsha, kwa maana kuitoa kunapunguza uwezo wa kupooza. Laki na sitini yangu ilikuwa kwenye sentensi moja ambayo ningeisoma bure.

Themostati mpya ilikuwa 35,000. Kabla haijafungwa nilimwomba baba niende nayo shule siku moja. Tulikuwa kwenye mada ya joto na kidato cha tatu. Tukawasha jiko la mkaa nje ya maabara, sufuria ya maji, themostati inaning'inia kwa uzi, kipimajoto pembeni. Darasa la watu zaidi ya sitini likasongamana kama kwenye ajali. Ilipofika 82 hivi, vali ikaanza kujisukuma polepole, na nyuma yake kile kisahani kidogo cha njia ya pembeni kikasogea nacho. Wakapiga makofi. Nilikuwa nafundisha wiki ya tano na sikuwa nimewahi kupigiwa makofi.

Maji yakaendelea, yakachemka yakitoa mapovu makubwa, na kipimajoto kikagota 95.

"Mwalimu, kimeharibika," mmoja akasema.

Hakikuharibika. Kwenye mwinuko wa Kondoa hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam, na maji yanachemka kabla ya kufika 100. Nilikuwa najua hilo. Nililijibia swali la mtihani mwaka wa kwanza. Na bado wiki mbili nyuma, kwenye zoezi la vitendo, binti mmoja wa dawati la nyuma aliandika kiwango cha kuchemka alichopima: 95. Nikampiga kosa jekundu na kuandika 100 pembeni. Nilimtafuta kwa macho kwenye ule msongamano. Ananitazama, hatabasamu, hasemi kitu. Nikamwambia alete daftari. Nikafuta kosa mbele ya wote, nikatia vema na sahihi, na mkono ulikuwa unatetemeka kidogo. Akasema, "Nilipima mara tatu, Mwalimu."

Jumamosi themostati ikafungwa, safari hii na kulanti badala ya maji ya bomba. Tukapakia magunia mawili ya mahindi, baba, mimi, mama na jirani, tukapanda Bereko saa nane mchana jua likiwaka. Nilikuwa nimekaa mbele na sikuangalia mlima hata kidogo, macho kwenye mshale. Ulipanda hadi chini kidogo ya katikati ukasimama. Tukapita Kolo. Ukasimama. Bereko tukanunua mihogo ya kuchoma, hakuna aliyekuwa na njaa, ilikuwa furaha tu. Wakati wa kurudi baba alikuwa kimya. Karibu na mjini akasema, bila kunitazama, "Yule kijana alituambia."

Hakusema "alikuambia". Nilimshukuru kwa hilo, ingawa haikuwa haki.

Nilikwenda peke yangu. Nilimkuta anafyatua tofali kando ya Mto Bubu, tope hadi kwenye magoti. Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Nikasema tu kwamba ilikuwa themostati, kwamba tuliitoa sisi, na kwamba yeye alisema kweli nami nikamwambia hajui kuangalia maji mbele ya baba. Aliendelea kupiga tofali mbili tatu. Kisha akauliza, "Sasa mshale unakaa wapi?"

"Chini kidogo ya katikati. Hata mlimani."

"Hata na mizigo?"

"Magunia mawili."

Akatikisa kichwa. "Mwalimu, unajua kilichoniuma? Tulikaa dawati moja. Baba yako ni mtu mzima, ana hofu na mali yake, namwelewa. Wewe ulikuwa unanijua."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo naandika haya sina. Nilimwambia baba anamwomba arudi. Akasema atarudi, lakini kwa sharti: siku anazokwenda Bereko hesabu ipungue, kwa sababu mlima unakula mafuta na yeye ndiye anayeyalipa. Nilipompelekea baba ujumbe huo akasema atafikiria. TP ikaisha, nikarudi chuo, bado anafikiria. Juzi nilipiga simu nyumbani, mama akasema gari liko uani, limepakiwa pembeni ya ile rejeta ya zamani, ambayo kuku wameanza kutagia nyuma yake. Baba anasubiri miguu ipone. Kijana bado anafyatua tofali. Nimempigia baba mara mbili wiki hii kuhusu hesabu ya Bereko, na leo jioni nampigia tena.